Ukubwa Unaoponyoka: Utatuzi wa Matatizo katika Kuzalisha Teria wa Kazi

Teria ni mbwa wa shimoni. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya ardhi, na kazi aliyozalishwa kuifanya ni kumfuata mbweha au panya hadi mahali ambapo mkono wa binadamu hauwezi kufika. Kwa sababu hiyo, anayeamua ukubwa wake si mfugaji bali ni shimo lenyewe. Mfugaji anapoona kwamba ukoo wake unarefuka, unapanuka, au unatoa watoto wa vimo tofauti ndani ya uzao mmoja, wazo linalomjia mara moja ni kumtafuta mbwa mdogo kuliko wote na kumpandisha. Hatua hiyo ya haraka ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya matatizo yanayoelezwa hapa, kwa kuwa neno "ukubwa" limebeba mambo kadhaa kwa pamoja, yaani kimo, mzunguko wa kifua, uzito na urefu wa mgongo, na mtu anayepunguza moja anaweza kabisa kuyaacha mengine palepale yalipokuwa, au hata kuyaongeza.

Historia inaonyesha vizuri kwa nini mambo hayo lazima yatenganishwe. Mchungaji John Russell, aliyemnunua jike lake maarufu Trump kutoka kwa muuza maziwa mwaka 1819 alipokuwa mwanafunzi Oxford, alihitaji mbwa mwenye miguu mirefu ya kutosha kukimbia pamoja na farasi na mbwa wa kuwinda, lakini mwenye kifua chembamba cha kumwezesha kuingia shimoni mwa mbweha. Mbwa wa namna hiyo ni mrefu na mdogo kwa wakati mmoja, na asiyelielewa hilo atamwondoa kwenye ukoo kwa sababu ya kimo chake. Hadi leo wazao wa damu hiyo wametambuliwa kama aina mbili: Parson Russell, ambaye kimo kinachopendekezwa ni takriban sentimita 36 kwa dume na 33 kwa jike, na Jack Russell wa sentimita 25 hadi 30.

Kabla ya kutafuta chanzo: vipimo vitatu

Hakuna dalili inayoweza kusomwa bila daftari. Kila mbwa anayebakizwa apimwe kimo kutoka sakafuni hadi juu ya mabega akiwa amesimama sawasawa, apimwe mzunguko wa kifua nyuma ya viwiko kwa tepu laini kama ile ya fundi cherehani, kisha apimwe uzito akiwa katika hali ya kazi, si akiwa amenenepa kwa kukaa. Vipimo hivyo virudiwe katika miezi 6, 12 na 18. Teria wengi hufikia karibu kimo chao chote kabla ya kutimiza mwaka, lakini kifua huendelea kujaa na kupanuka kwa miezi mingi baada ya hapo. Mfugaji anayefunga daftari mbwa akiwa na miezi 8 amepima miguu tu.

Uhusiano wa vipimo hivyo husema mengi kuliko kipimo kimoja kimoja. Kiwango cha teria wa Kijerumani wa uwindaji, Jagdterrier, kinataka mzunguko wa kifua uzidi kimo kwa sentimita 10 hadi 12, na kile cha Jack Russell kinataka takriban kilo 1 ya uzito kwa kila sentimita 5 za kimo. Si lazima mfugaji afuate viwango hivyo, lakini ni muhimu awe na uwiano wake mwenyewe na auangalie kizazi hadi kizazi.

Dalili ya kwanza: kimo kimepungua, lakini mbwa bado anakwama

Hili ndilo lalamiko linalosikika mara nyingi zaidi, na ndilo linalostahili maelezo marefu zaidi. Mfugaji amechagua wafupi kwa vizazi vitatu, amefanikiwa kushusha kimo kutoka sentimita 35 hadi karibu 31, lakini mbwa wake wanashindwa kupita mahali ambapo mababu zao walipita bila taabu.

Chanzo hubainika kwa hesabu rahisi. Mbwa akipungua pande zote kwa uwiano uleule, uzito hushuka kwa kasi kubwa kuliko kimo, kwa kuwa mwili una urefu, upana na kina. Teria wa kilo 7 mwenye kimo cha sentimita 35, akipunguzwa kwa asilimia 10 hadi sentimita 31.5, anapaswa kuwa na takriban kilo 5.1. Ikiwa mizani inaonyesha kilo 6.3, basi huyo si mbwa mdogo. Ni mbwa yuleyule aliyekatwa miguu na kubakiziwa kiwiliwili. Mfugaji amechagua ufupi wa miguu, na ukoo umempa alichokiomba.

Kipimo cha kuthibitisha ni cha mikono, na viwango rasmi vya Parson Russell na Border Terrier vinakitambua. Simama nyuma ya mbwa, mwinue kidogo ili miguu ya mbele iache kubeba uzito, kisha kizungushe kifua nyuma tu ya viwiko kwa viganja vyote viwili. Vidole gumba vikutane juu ya uti wa mgongo na vidole vingine vikutane chini ya mfupa wa kifua. Usiishie kwenye swali la kama vidole vimegusana. Bana taratibu mbwa anapotoa pumzi, ukasikilize mbavu. Kifua kizuri kinalegea na kurudi kama kikapu kipya kilichosukwa vizuri, na ukikiangalia kwa mbele umbo lake linakaribia yai lililosimama wima. Kifua kibaya ni cha duara kama pipa, na hakikubali. Mbwa wawili wenye sentimita 40 kila mmoja kwenye tepu wanaweza kutofautiana kabisa shimoni, kwa kuwa yule mwenye mbavu zinazobonyea hujipenyeza kwenye kona na mwenzake hubaki amebanwa pumzi. Tepu haiwezi kulionyesha jambo hili hata kidogo, na ndiyo maana ninawasihi wanaoanza wajifunze kipimo cha mikono kabla ya kununua mbwa yeyote.

Dawa yake ni kurudisha kifua kuwa kigezo cha kwanza. Katika uzao unaofuata, achwe mwenye kifua chembamba na chepesi hata kama ndiye mrefu kuliko ndugu zake. Miguu mirefu hukunjika mbwa anapotambaa, kifua hakikunjiki.

Dalili ya pili: dume mdogo ametoa watoto wakubwa

Vyanzo hapa ni vitatu, na vinapaswa kuchunguzwa kwa mpangilio.

Cha kwanza ni udogo usio wa damu. Mtoto wa mbwa aliyenyimwa chakula, aliyejaa minyoo, au aliyeugua katika miezi ya mwanzo anaweza kudumaa na kubaki mfupi maisha yake yote, lakini jeni zake hazikubadilika, na watoto wake watakua kufikia ukubwa ambao yeye mwenyewe alinyimwa. Wapo wanaopunguza chakula kwa makusudi ili kuuza "teria wadogo". Ni ukatili kwa mnyama na ni udanganyifu kwa mnunuzi. Uliza ndugu zake walikua kiasi gani: ikiwa dume ana kimo cha sentimita 28 na ndugu zake wote wako kwenye 34, mshuku.

Cha pili ni kurudi kwenye wastani wa ukoo. Tuseme wastani wa ukoo ni sentimita 34, na umepandisha wazazi wenye wastani wa 31. Umewachagua kwa tofauti ya sentimita 3, lakini sehemu ya tofauti hiyo imetokana na malezi na bahati, si urithi. Ikiwa sehemu inayorithiwa ni nusu, watoto watakuwa na wastani wa karibu sentimita 32.5. Mfugaji aliyetarajia 31 huona kwamba ameshindwa, akabadili dume, akaanza upya, ilhali alikuwa amepiga hatua ya kawaida kabisa. Kuna haja ya subira hapa, na ya kuangalia wastani wa uzao mzima badala ya mbwa mmoja.

Cha tatu ni kuchagua mapema mno. Uzito wa kuzaliwa hutegemea sana idadi ya watoto tumboni na nafasi ya kila mmoja kwenye mfuko wa uzazi, hivyo mdogo wa wiki 8 si lazima awe mdogo wa miezi 18. Niliwahi kumbakiza jike kwa sababu alikuwa mdogo kuliko wenzake wanne, nikawaachia watu wengine dada zake wawili waliokuwa na umbo zuri zaidi. Alipofikisha miezi 14 kifua chake kilikuwa kimempita mama yake, na viganja vyangu havikukutana tena. Tangu wakati huo ninapima wazazi na mababu kwanza, halafu mtoto.

Dalili ya tatu: uzao mmoja, mbwa wa vimo viwili

Watoto wanapotofautiana kidogo kidogo, hiyo ni hali ya kawaida, kwa kuwa ukubwa wa mbwa unaongozwa na jeni nyingi ambazo kila moja ina mchango mdogo. Lakini uzao unapogawanyika makundi mawili yanayoonekana wazi, watatu warefu na wawili wafupi bila wa katikati, kuna uwezekano mkubwa kwamba jeni moja yenye nguvu inagawanyika ndani ya ukoo.

Inayojulikana zaidi ni IGF1. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba sehemu hiyo ya kinasaba inatofautisha mbwa wadogo na wakubwa wa aina nyingi, na mwaka 2022 badiliko lenyewe lilitambuliwa, likionekana hata katika mbwamwitu wa kale aliyeishi maelfu ya miaka kabla ya mbwa wa kufugwa kuwepo. Mbwa mwenye nakala mbili za aina ya udogo, moja kutoka kwa kila mzazi, kwa kawaida huwa chini ya kilo 15, mwenye nakala moja huangukia katikati, na asiye nayo huwa mkubwa. Kwa mfugaji wa teria taarifa hii ina maana mbili. Kwanza, teria walio wengi tayari wana nakala mbili za udogo, kwa hiyo upande huo hakuna tena cha kuchuma, na kila sentimita anayotaka kupunguza lazima aipate polepole kwenye jeni nyingine. Pili, akiingiza damu ya mbwa mkubwa kwa ajili ya taya au nguvu, anaingiza nakala ya ukubwa iliyokuwa imeshatoweka kwenye ukoo. Kizazi cha kwanza kinaweza kuonekana cha wastani na kumpa moyo. Akipandisha ndugu wa kizazi hicho wao kwa wao, takriban robo ya watoto watapata nakala mbili za ukubwa, nusu watakuwa na moja, na robo itarudi kwenye udogo. Njia iliyo salama ni kuwarudisha chotara kwa teria wa ukoo na kuwapima jeni wale wanaobakizwa.

Chanzo kingine cha mgawanyiko ni jeni za miguu mifupi, na hizo zinahitaji maelezo ya peke yake.

Dalili ya nne: miguu ya mbele imepinda, viwiko vimetoka nje, mgongo unauma

Mtu anayetaka kushusha kimo haraka huona njia ya mkato kwa mbwa mwenye miguu mifupi sana. Ufupi huo mara nyingi hausababishwi na mwili mdogo bali na nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, ambayo huzuia mifupa mirefu kukua kama kawaida. Zipo nakala mbili zinazofahamika. Iliyo kwenye kromosomu ya 18 ilielezwa mwaka 2009 na hufupisha miguu. Iliyo kwenye kromosomu ya 12 ilielezwa mwaka 2017. Nayo hufupisha miguu, lakini pia huzeesha mapema diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo, na nakala moja tu inatosha kumweka mbwa hatarini. Imeonekana katika baadhi ya nasaba za Jack Russell.

Mbwa wa kazi hujikunja, hurudi kinyumenyume, na husukuma udongo kwa mabega. Diski iliyokauka inaweza kupasuka katika mwendo huo na kumwacha mbwa na miguu ya nyuma isiyoshika. Mbwa anayelia akinyanyuliwa, anayetembea mgongo ukiwa umejikunja, au anayeburuta kucha za nyuma apelekwe kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo. Kwa upande wa uzalishaji, pima jeni kabla ya kupandisha, na usimpandishe mbebaji, yaani mbwa mwenye nakala hiyo, na mbebaji mwenzake. Pale ambapo nakala ya kromosomu ya 12 imeenea katika ukoo, haifai kuwatupa wote kwa mara moja, kwani utapoteza pia vifua na akili ulivyovijenga. Chagua miongoni mwa watoto wasiokuwa nayo, uzao baada ya uzao.

Dalili ya tano: ukubwa ulishuka vizuri, kisha ukaruka ghafla baada ya dume mpya

Ukoo uliofungwa kwa muda mrefu hupungua nguvu, na sehemu ya upungufu huo huonekana katika mwili wenyewe. Watoto wa kaka na dada, au wa mzazi na mtoto wake, hufikia asilimia 25 ya usawa wa damu, yaani kipimo cha undugu wa wazazi, na wa ndugu wa mzazi mmoja asilimia 12.5, kabla ya kuhesabu undugu wa mababu. Mfugaji huona mbwa wakipungua na kudhani kwamba uchaguzi wake umefanya kazi, kumbe sehemu ya udogo huo ni udhaifu. Dume asiye ndugu anapoingia, hata akiwa mdogo, watoto wanapata nguvu na kurefuka. Usimlaumu dume. Angalia dalili zinazoandamana na udogo wa uzao uliotangulia: je, majike walikuwa wanatoa watoto wawili au watatu badala ya watano? Je, watoto walikuwa wanakufa wiki ya kwanza? Ikiwa ndivyo, sentimita hizo mbili zilizorudi ni afya iliyorudi, na kazi ya kuchagua ianzie hapo.

Dalili ya sita: majike hawazai bila upasuaji

Jike akipunguzwa mwili huku vichwa vya watoto vikibaki vikubwa, njia ya uzazi haitoshi. Mfano wa kutisha upo katika familia ileile ya teria: Scottish Terrier wengi wana nyonga iliyobonyea juu na chini, na upasuaji wa kuzalisha ni jambo la kawaida kwao. Hatari huongezeka mimba ikiwa na mtoto mmoja au wawili tu, kwa sababu hukua kupita kiasi.

Jike akisukuma kwa nguvu kwa dakika 30 bila mtoto kutoka, au zikipita saa 2 kati ya mtoto na mtoto ilhali wengine bado wamo, au ute wa kijani ukitangulia kabla ya mtoto wa kwanza, muda wa kusubiri umekwisha na daktari anahitajika. Baada ya hapo rekodi iandikwe bila kujionea haya. Jike aliyeshindwa kuzaa kwa sababu ya umbo la nyonga asipandishwe tena, na binti zake waangaliwe kwa makini. Usimpandishe jike mdogo kuliko wote wa ukoo kwa lengo la kushusha kimo. Tumia jike wa wastani mwenye nafasi tumboni, na umwachie dume kazi ya kuleta udogo.

Dalili ya saba: macho mekundu, kuyumba, magoti yanayoteguka

Matatizo haya hayasababishwi na ukubwa, lakini huibuka mfugaji anapobana ukoo kwa dume mmoja au wawili wa kimo anachokipenda. Kulegea na kuchomoka kwa lenzi ya jicho hutokana na badiliko katika jeni ya ADAMTS17 linalopatikana katika teria wengi, na mara nyingi hujitokeza mbwa akiwa na miaka kati ya 3 na 8, yaani baada ya kuwa ameshazaa. Jicho jekundu lenye maumivu na ukungu ni dharura; saa chache zinaweza kuamua kama mbwa ataona tena. Katika Parson Russell na Jack Russell yapo pia mabadiliko ya jeni za KCNJ10 na CAPN1 yanayoleta kuyumba kwa mwendo kabla ya mbwa kutimiza mwaka. Yote matatu yana kipimo. Mbebaji mzuri, yaani mwenye nakala moja tu ya badiliko, apandishwe na asiye mbebaji, na nusu ya watoto wake kwa wastani watakuwa safi. Goti linaloteguka halina kipimo cha jeni cha namna hiyo; daktari hulikagua kwa mkono.

Dalili ya nane: mbwa anaingia shimoni, lakini hafanyi kazi

Ukoo unaweza kufikia kimo na kifua vilivyotakiwa, kisha ukagundulika kuwa mbwa wake hawabweki, hawashikilii mahali, au wanarudi nje baada ya dakika mbili. Aliyechagua kwa tepu peke yake kwa vizazi vinne hakuchagua ari, na ari nayo hurithiwa. Mara nyingine chanzo kimo kichwani kwa maana ya mfupa: fuvu limekuwa jembamba mno, meno yamesongamana, na taya haina nguvu ya kumpa mbwa ujasiri.

Jaribio la ari lifuate sheria ya mahali husika. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1992 inawalinda melesi (kwa Kiingereza, badger) na mashimo yao, na Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004, inayotumika England na Wales, inaruhusu mbwa mmoja tu chini ya ardhi kwa wakati mmoja, kwa sababu mahususi na kwa ushahidi wa maandishi wa ruhusa ya mwenye ardhi. Mashimo ya mazoezi yaliyojengwa kwa mbao, ambamo panya amewekwa nyuma ya kizuizi imara asiguswe, yanatosha kuonyesha kama mbwa mchanga anaingia kwa hiari, anapita kona gizani, na anabaki akibweka mbele ya kizuizi. Mpe nafasi ya kwanza akiwa ameshakomaa akili, bila kumlazimisha, na urudie baada ya wiki chache kabla ya kumhukumu.

Ikiwa ari imepotea kwa mbwa mmoja mmoja, ndugu zake wenye ari wachukue nafasi yao hata wakiwa wamezidi sentimita moja. Ikiwa imepotea kwa ukoo mzima, tafuta jike mzee wa damu hiyohiyo anayeendelea kufanya kazi, au binti yake, mpime kifua kwa viganja, na umpandishe na dume wa ukoo mwingine ambaye umemwona mwenyewe akiingia shimoni, akabaki humo, na akatoka bila kuvutwa.